Kifumbu cha Maneno

Apikaye wali wa nazi Tanga au Pangani hukuna nazi, hutia maji, kisha hukamua kwa kifumbu. Tui hushuka chunguni, machicha hubaki mkononi mwake. Huyaona, huyapima kwa vidole, na kama bado yana utamu huyakamua mara ya pili. Chombo nilichokitumia mimi kuchujia maneno hakikuwa na adabu hiyo.

Kwa miaka kadhaa nimekusanya maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya Tongoni na vijiji jirani kusini ya mji wa Tanga, ambayo W. H. Whiteley aliitolea kitabu mwaka 1956. Maneno yangu yalikaa katika madaftari, kisha katika majedwali ya kompyuta yaliyoandikwa na mikono mingi: wangu, na ya wanafunzi wangu. Mwaka jana nilitaka kuyakusanya pamoja kwa programu ya kuunganisha data. Programu ya namna hii husoma kila chanzo mstari kwa mstari, na mwenye kazi aweza kuiamuru ichuje palepale mlangoni, mstari usiotakiwa usiingie kabisa. Ni njia ya haraka, nami nilipenda haraka. Niliweka masharti mawili: safu ya mahali iwe na neno Mtang'ata, na safu ya maana kwa Kiswahili sanifu isiwe tupu.

Kazi ilikwisha kabla chai yangu haijapoa, wala hapakutangazwa kosa. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipotafuta neno moja la upepo, nililopewa na mvuvi mzee wa Tongoni. Siku ile aliniambia, "Liandike na hili, mwanangu. Sisi tukienda, nalo litakwenda." Naye amekwenda, Mungu amrehemu. Neno halikuwamo.

Nikahesabu mistari ya vyanzo na mistari iliyoingia, jambo lililonipasa tangu mwanzo. Upungufu ulikuwa mkubwa. Sababu ya kwanza ilikuwa ritifaa ya ng'. Mimi niliiandika iliyonyooka. Programu ya kuandikia ya wanafunzi ilikuwa imeigeuza ikapinda. Jicho la mtu halijali tofauti hiyo, lakini kwa kompyuta hizo ni alama mbili zenye namba mbalimbali. Kwa hiyo Mtang'ata na Mtang’ata ni miji miwili isiyojuana. (Nami hukata alama za mwanafunzi aisahauye ritifaa!)

Sababu ya pili yaniaibisha zaidi. Neno lisilo na mwenzake katika Kiswahili sanifu lilikuwa na safu tupu. Basi niliamuru yatupwe maneno yaleyale niliyoyafuata Tongoni. Sisi walimu tumezoea kunung'unika kwamba tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoanza kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, lahaja za Mrima ziliwekwa pembeni. Nami nilifanya vivyo hivyo kwa amri ya mstari mmoja.

Sasa nasoma vyanzo vyote bila sharti. Nasawazisha ritifaa kwanza, ndipo nachuja, na kila mstari uliokataliwa huenda katika faili lake pamoja na sababu ya kukataliwa. Faili hilo nimeliita Machicha, nami hulikamua kila jioni. Neno la mzee nililikuta humo, safu ya maana ingali tupu. Nimelirudisha jinsi lilivyo.