Nani Kasema?

Maneno mawili ya wino mwekundu nayakumbuka kuliko maksi zote nilizowahi kupewa Mlimani. Yaliandikwa pembeni mwa ukurasa wa tatu wa asaimenti yangu ya Historia, mwaka wa kwanza, mwanzoni mwa 2006: "Nani kasema?" Insha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na maoni mengine yote ya mwalimu yalikuwa ya Kiingereza. Hayo mawili tu ndiyo aliyoyaandika kwa lugha tunayoitumia kugombana na kupatana. Nilijiona kama nimeitwa kwa jina mbele ya watu.

Sentensi aliyoitilia alama ilisema kwamba baada ya Vita vya Maji Maji njaa iliwamaliza watu wa kwetu kuliko risasi, kwa sababu Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Habari hiyo niliijua tangu utoto. Nimezaliwa Songea, mji ambao kila Februari 27 huwakumbuka mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa hapo mwaka 1906. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuniuliza nimeitoa wapi. Kwangu ilikuwa kama kuulizwa nani aliyekwambia mvua hulowesha.

Niliingia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2005, mwaka ule ule Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi, kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Nilishuka Ubungo usiku na tranka la bati, baada ya kukaa kwenye basi tangu alfajiri. Chumba chetu cha hosteli ya Mabibo kilikuwa cha watu wanne, lakini mara nyingi tulilala sita, maana asiye na chumba alibebwa na mwenzake, na neno lenyewe ndilo hilo, kubebana. Siku bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka tulikula chipsi kuku. Likikaribia kwisha tulikula wali maharage, kisha maharage ya jana, kisha tukaanza kuwakumbuka ndugu walioko Tabata na Kinondoni ambao hatukuwa tumewatembelea tangu mwezi uliotangulia. Asubuhi tulibanana kwenye magari ya kwenda chuoni, na mchana wenzetu waliopata vyumba kule kule Mlimani walitutahadharisha tusiache madirisha wazi, kwani tumbili wa pale hubeba mkate mzima.

Asaimenti siku hizo ilianza kwa miguu. Mwalimu alibandika orodha ya vitabu, nasi tukakimbilia maktaba kwenye kile chumba cha spesho rizevu, ambako uliacha kitambulisho ukapewa kitabu kwa saa mbili tu. Darasa lilikuwa la mamia, nakala zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo tuligawana: huyu anakaa foleni ya kitabu cha kwanza, yule cha pili, na jioni tunakutana kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vilivyo chini ya miti, kila mmoja akisoma kwa sauti alichonakili. Aliyekuwa na fedha alitoa kopi ya sura nzima, na kopi hiyo ikatolewa kopi nyingine, hadi mwisho wa muhula madesa, ndivyo tulivyoziita kopi hizo, yakawa hayasomeki, kingo zote za ukurasa zimemezwa na weusi. Tuliyathamini hata hivyo. Niliweza kukuambia desa fulani lilitoka kwa nani, nani alilipigia mistari, na ni nani aliyekosea kuruka ukurasa wa 47.

Baadaye walimu wakaanza kutaka kazi zilizochapwa. Mwaka huo huo wa 2006 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa, mgawo wa umeme ukashika nchi nzima, na steshenari zikafanya kazi usiku wa manane kama tanuri za mikate. Nilipoteza kurasa 9 baada ya umeme kukatika kabla mchapaji hajazihifadhi kwenye disketi. Ilikuwa saa nne usiku, na kazi ilitakiwa saa mbili asubuhi. Rafiki yangu wa chumbani, ambaye sasa ni mwalimu mkuu huko Kanda ya Ziwa, aliwasha mshumaa akanisomea rasimu yangu ya mkono huku mimi nikiandika upya kwenye karatasi za mistari. Kila nilipotaka kufupisha alinikatalia. "Hapa uliweka jina la mwandishi. Liweke." Ilipofika adhana ya alfajiri tulikuwa tumemaliza. Sijawahi kumlipa deni lile, na sidhani kama linalipika.

Nirudi kwenye wino mwekundu. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu yule nikiwa na hoja zangu kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, binti."

Nikamwambia kwamba habari ya njaa kaniambia babu yangu. Nilitarajia anikemee kwa kuleta maneno ya jikoni chuo kikuu. Akavua miwani.

"Basi babu yako ndiye aliyesema. Kwa nini umemficha?"

Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwaka 1968, chuo chetu kikiwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi wa Historia walirudi makwao wakiwa na kazi ya kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. Vita ile ilianza 1905 katika milima ya Umatumbi, hivyo aliyekuwa kijana wakati huo, kufikia 1968 alikuwa na miaka 80 hivi, na kila msimu wa mvua uliopita uliondoka na mashahidi kadhaa. Waandishi kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, ambao majina yao tulikutana nayo kwenye kila orodha ya vitabu, walitegemea sauti za wazee wa namna hiyo. "Nenda East Africana," akaniambia, akiwa na maana ya sehemu ile ya maktaba inayotunza maandishi ya Afrika Mashariki. "Waombe ripoti za 1968. Kisha urudi kwenu ukafanye hivyo hivyo."

Nilizisoma ripoti hizo kwa siku tatu. Ziliandikwa na vijana wa umri wangu, na kazi yao ya likizo imekuwa chanzo ambacho wanahistoria wa nchi za mbali hukitaja hadi leo. Juu ya kila simulizi kulikuwa na jina la mzee, kijiji chake na tarehe ya mazungumzo. Huko darasani kwetu kwa Kiswahili tulikuwa tukisoma *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969, nami nikaona ghafla kwamba mwandishi yule na wale wanafunzi walikuwa wakipita kwenye vijia vile vile, miaka ile ile, wakiwaza vita ile ile. Nilitoka maktaba jioni nikiwa natembea haraka bila sababu.

Likizo ndefu nikakaa na babu barazani. Alizaliwa mwaka wa homa kubwa iliyofuata vita ya Wajerumani na Waingereza, yaani 1918, kwa hiyo hakuiona Maji Maji kwa macho, ila alilelewa na walioiona. Alisimulia kwa mchanganyiko wa Kingoni na Kiswahili, nami niliandika kwa kalamu, kwa kuwa redio yetu ya kaseti ilikuwa imekufa na fedha ya kuitengeneza haikuwepo. Alisimulia jinsi mzazi wake alivyojificha msituni na ndugu zake, wakila mizizi, huku wakilinda mbegu za ulezi zilizofungwa kwenye kipande cha kaniki. Mbegu hizo hazikuguswa hata siku ambayo mtoto mdogo wa familia alikufa kwa njaa, kwa sababu aliyezila angekuwa amekula mwaka unaofuata. Niliandika kurasa nne. Babu akafariki 2009, akiwa na miaka 91, na kurasa hizo ndizo zote tulizonazo za maneno yake.

Mwaka huo huo wa 2009 mkonga wa mawasiliano wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mambo yakaenda mbio. Intaneti ikahama kutoka kwenye vibanda vya kulipia kwa nusu saa ikaingia mfukoni. Mwaka 2018 Mlimani ikafunguliwa maktaba mpya inayochukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Nimeingia humo mara moja, nikatazama vijana walioketi kwenye hewa safi na mwanga wa kutosha, nikafurahi kwa moyo wote. Hakuna sifa yoyote katika kukaa foleni ya kitabu kimoja watu 60. Atakayeniambia kwamba shida ile ndiyo iliyotufundisha, nitamwambia kwamba iliwafelisha wengi ambao akili zao zilikuwa kali kuliko zangu.

Lakini kuna kitu kilichoondoka pamoja na foleni, nami nilikitambua 2023, pale mtoto wa dada yangu alipokuja kunitembelea. Alikuwa akisoma chuo kingine, mwaka wa pili, akiwa na asaimenti ya kuandika juu ya athari za Maji Maji katika mkoa wa Ruvuma. Aliniletea kwa fahari niipitie. Kurasa 12, safi, hakuna kosa la tahajia, aya zimepangika kama matofali. Nilipofika ukurasa wa tano nikakuta maelezo ya njaa Ungoni, na chini yake jina la kitabu, mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa.

"Hiki kitabu umekisoma, baba?"

"Hapana, Mama mdogo. Nimeipata humu kwenye simu. Nimeuliza akili mnemba, ikaniandikia."

Tulikitafuta kitabu hicho pamoja jioni nzima. Tulipekua katalogi za maktaba, tukamwuliza rafiki yangu mmoja anayefundisha Historia. Hakipo. Mwandishi yupo, ila hajawahi kuandika kitabu cha jina hilo. Kijana wangu hakuwa mwizi wala mvivu. Usiku ule aliniambia kwa uchungu kwamba alidhani anafanya kama inavyotakiwa, kwani tangu aanze chuo kazi zake huwasilishwa kwa mtandao na hurudi zikiwa na namba tu. Hakuwa amewahi kuona neno lililoandikwa na mwalimu pembeni mwa sentensi yake, hata moja. Hilo liliniuma kuliko kitabu kisichokuwepo. Kundi lao la WhatsApp lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 200; faili likiingia, kila mmoja alikuwa nalo kabla hajamaliza kunywa chai, wala hakuna aliyejua limetoka kwa nani.

Najua walimu wana wanafunzi wengi na mikono miwili. Hata hivyo nawaomba, kama mwalimu mwenzao: katika rundo la kazi 300, mwandikieni kila mtoto swali moja tu kwa mwaka. Mimi lilinitosha moja.

Desemba ile tulisafiri pamoja kwenda Songea. Nikamwonyesha zile kurasa nne za 2006, kisha nikamwambia amhoji bibi yake, yaani mama yangu, ambaye alizisikia simulizi za babu mara nyingi kuliko mimi. Kijana akaweka simu juu ya meza, akabonyeza kurekodi, akataja tarehe na mahali kwa sauti kama nilivyomfundisha. Mama akaanza. Akasimulia kujificha, mizizi, mbegu za ulezi kwenye kaniki. Nami nilikuwa nikifuatisha kwenye karatasi zangu, kama mtu anayefuata misa kwenye kitabu, mpaka alipofika mahali nikamkatiza.

"Mama, hapo si ni baba yake babu?"

"Baba yake wapi? Ni mama yake. Yeye ndiye aliyezifunga zile mbegu kiunoni. Alikuwa binti wa miaka kumi na mbili hivi."

Nikatazama mwandiko wangu wa miaka 17 iliyopita. Babu alikuwa amesema "mzazi wangu", nami, kwa haraka ya kalamu na kwa kudhani kwamba habari za vita ni za wanaume, nikaandika "baba yake". Nilikabidhi asaimenti iliyofuata ikiwa hivyo. Nimewafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, nikimsifu mwanamume ambaye hakufanya jambo lile.

Mama alilijua jina la binti yule. Alilitaja mara mbili, taratibu, ili simu ilipate vizuri, kisha akaomba tumsomee namna tulivyoliandika, herufi kwa herufi.

Rekodi ina dakika 41. Kijana aliiandika insha yake upya akaiwasilisha Januari, na katika orodha ya vyanzo limo jina la bibi yake, umri, mtaa na tarehe. Mimi nilifuta maneno "baba yake" kwenye ukurasa wa pili wa zile kurasa nne, nikaandika juu yake jina la mama yake babu.