Gemu Yetu ni Mbaya Makusudi

Wasee, niseme mapema ili mtu asikuje kwa komenti kunifunza kuchora: najua gemu ni mbaya. Punda ana miguu mitano. Jua ni chapati iliyoungua. Mimi na binamu yangu wa Wote tuliichora kwa Paint, na kila kitu kilipoanza kupendeza tulikifuta.

Tangu niweke ile video fupi, swali ni moja tu: mbona msiitengeneze vizuri? Basi jibu ndilo hili.

Ni gemu ya kuruka-ruka kama Super Mario Bros ya 1985, ila roho yake tuliiba kwa Syobon Action, ile ya Mjapani ya 2007 ambayo wengi mnaijua kama Cat Mario. Paka mweupe, na dunia nzima inataka kumuua. Unaruka, tofali lisiloonekana linakugonga kichwa, unaanguka shimoni. Hata wingu linalocheka ni adui.

Yetu inaanzia Kitui. Punda amebeba mitungi minne ya lita ishirini, anaenda Thwake kuchota maji. Akikaribia bendera ya mwisho, bendera inasogea mbele, na koti la suti linatokea kukata utepe. Ukilikanyaga, linagawanyika mara mbili: moja linakuwa kamati, la pili linakuwa kamati ya kuchunguza kamati.

Mtu wa mbali atacheka akidhani ni wazimu tu. Mtu wa Ukambani atanyamaza kidogo kwanza. Bwawa la Thwake, kwenye Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, lilizinduliwa 2018. Limepangiwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Tarehe ya kulimaliza ilisogezwa, halafu ikasogezwa tena. Kwa hivyo hapo hatukubuni kitu, tuliandika tu kanuni moja: bendera isogee. Katuni ingekuonyesha ahadi ikisogea. Gemu inakufanya uifukuze wewe mwenyewe mpaka kidole gumba kiume.

Sasa turudi kwa sura mbaya. Picha za kupendeza zaidi nilizowahi kuona za Makueni ni za Konza. Kibaki alizindua huo mji pale Malili Januari 2013, na muda mrefu kabla ya majengo, picha zilikuwa kila mahali: minara ya kioo, nyasi za kijani, watu wanatembea na viatu havina vumbi. Manze, Makueni bila vumbi! Na maji ya Konza yalipangwa kutoka wapi? Thwake.

Sisemi Konza ni hewa, kuna watu wanafanya kazi huko. Nasema tumekua tukionyeshwa kesho iliyochorwa vizuri sana, na uzuri wa picha ndio ulitufanya tusiulize lini. Sitaki gemu yangu ifanye kazi hiyohiyo. Ukiona punda wa miguu mitano, huwezi kusahau kwamba kuna mtu amekaa mahali akakuchorea. Ni vizuri ukumbuke hivyo pia unapoangalia mabango.

Mamangu naye ana swali lake: "Mwanangu, huyo punda anatafuta nini na serikali?" Hatanii, na sababu anayo. Desemba 2024, Gideon Kibet, yule Kibet Bull wa michoro ya vivuli, alitekwa, akarudi Januari. Vivuli vyeusi tu, buda. Mwisho wa Mei 2025, Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa wa kusaidia wananchi kutuma barua pepe kupinga Mswada wa Fedha. Juni korti ikatupa mashtaka, lakini usiku aliolala seli hakuna anayemrudishia.

Kwa hivyo ndiyo, woga upo. Binamu alitaka koti liwe na sura ya mtu tunayemjua. Nilikataa, tukabishana karibu wiki. Hoja yangu haikuwa woga peke yake. Ukiweka sura, siku huyo mtu akipigiwa kura ya kwenda nyumbani, gemu imeisha, na koti bado linatembea na makasi yake ya kukata utepe. Tukakubaliana: koti halina kichwa. Tai pekee ndiyo inaning'inia.

Kuna mwisho mmoja tu wa kushinda, na nawapa bure. Acha kufukuza bendera. Rudi kushoto, nyuma kabisa ya mahali ulipoanzia. Kuna mto mkavu. Simamisha punda, bonyeza chini. Anachimba mchanga, maji yanatokea. Huo si uchawi, ndivyo susu zetu walivyopata maji kiangazi. Ndiyo maana Ukambani kumejengwa mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta mfupi unavuka mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha ndani ambapo jua haliyafikii. Hakuna anayeyachorea mabango, kwa sababu ukiyapiga picha unaona mchanga tu.

Lakini usikae hapo sana. Baada ya sekunde thelathini lori linakuja kuzoa huo mchanga ukajenge ghorofa mahali pengine. Malori kama hayo ndiyo yaliyofanya Makueni itunge sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Na lori ndilo kitu pekee kwenye gemu nzima tulichochora vizuri. Tulilipaka rangi siku mbili. Taa zinawaka, vioo vinang'aa.

Inatoka Jumamosi. Haifiki megabaiti sita, hata simu ya zamani inaibeba. Ombi langu ni moja: msinitumie ujumbe kuniambia bendera ina kasoro, eti inasogea. Tunajua. Afadhali muwaulize wale wa utepe.