Ukuta Unaobebwa na Ngamia

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ukuta wa nyumba yako ni mali ya nani?

Ukifika Banissa, katika kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Ethiopia, utaziona nyumba za wafugaji za fito zilizopindwa, zikafunikwa mikeka. Wenyeji wengi wa kaskazini mashariki huziita herio. Huzijenga akina mama, na mwenye nyumba ni mama.

Geuza mkeka mmoja uutazame. Nje una nyuzi ndefu kama manyoya, mvua iteremke. Ndani ni laini. Wa juu hulalia wa chini, kama magamba ya samaki.

Mjini nako wengi hupenda vigae vya umbo la kombe, vinavyopangwa mfano wa magamba hayo. Vinapendeza, sikatai. Lakini havilaliani! Maji hupenya kwenye viungio, na vyenyewe vina viungio vingi. Kwa hiyo bafuni ziba kila ufa, na ukuta wa nyuma usiopitisha maji uwe tayari kwanza.

Na kama wewe ni mpangaji, fikiri mara mbili. Siku ya kuhama, vigae vyako vitabaki kwa mwenye nyumba. Mama wa Banissa hukunja kuta zake, akazipakia juu ya ngamia.