Mkaa Uliochoka

Picha ya kitambulisho changu cha kazi inanionyesha nimefumba mdomo. Ya mahafali vivyo hivyo, na ya harusi pia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huniona mtu mkali, nami kwa miaka mingi nimewaacha waamini hivyo, kwa kuwa ukali humpa mhadhiri heshima kuliko maelezo. Leo naomba nitoe maelezo.

Meno yangu ni ya kahawia. Yana mistari na mashimo madogo, mfano wa ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua nyingi. Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Meatu, kusini mwa Bariadi, wakati eneo lile lote lilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, mimi nikiwa tayari mtu mzima mwenye mdomo uliofumbwa. Kijijini hapakuwa na aibu yoyote, maana sote tulikuwa hivyo. Aibu niliikuta shule ya bweni, nje ya mkoa, mwenzangu mmoja aliponiuliza kwa upole kabisa kama kwetu watoto hula tumbaku.

Mwaka 1974 nchi yetu ilijiwekea viwango vya muda vya maji, na kwa maji ya vijijini iliruhusu floraidi hadi miligramu 8 katika lita moja. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Siwalaani waliokaa mezani wakaiandika ile nane. Walijua kwamba wakiandika moja na nusu watakuwa wamefunga visima vya maeneo makavu bila ya kuwa na kisima kingine cha kufungua. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na leo viwango vyetu vinasema 1.5 kama vya dunia. Lakini miamba ya Meatu na Maswa haisomi waraka. Kiwango kilibadilika, maji katika visima vingi yalibaki yalivyokuwa.

Jino la kudumu hujengwa ndani ya ufizi katika miaka minane hivi ya mwanzo wa maisha. Likitoka na doa, hakuna mswaki wa kulifuta. Na meno ni tangazo tu. Mtu anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi huanza kukakamaa mgongo na viungo, na mifupa huweza kupinda. Tuliwaita wazee hao wagonjwa wa baridi yabisi.

Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja, ambao sitautaja jina, ulifika kijijini kwetu na ndoo. Ilikuwa ndoo yenye bomba chini na mkaa mweusi ndani, punje zake kama mchanga mkubwa. Mkaa wenyewe ulikuwa wa mifupa ya ng'ombe. Mama yangu alipewa moja. Aliiweka kwenye kona yenye kivuli, akaifunika kitambaa alichokuwa akikitunza kwa ajili ya wageni, na kila asubuhi akamimina maji ya kisima juu, akakinga ya kunywa chini. Aliiita ndoo ya dawa.

Kinachofanyika ndani ya ndoo ile ni jambo la kustaajabisha, na si gumu kueleweka. Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na floraidi huupenda mfupa. Ndiyo maana hutuharibu tungali hai. Mfupa uliochomwa bila hewa huwa mkaa wenye vitundu visivyohesabika, na maji yakipita humo floraidi hunasa. Mfupa wa ng'ombe hupokea kile ambacho kingeingia kwenye mfupa wa mtoto. Lakini huupokea kwa kipimo. Ukishashiba, haupokei tena.

Tufanye hesabu pamoja, hasa nyinyi mlio ofisini. Tukadirie kwamba gramu moja ya mkaa huo, katika matumizi ya nyumbani, hubeba miligramu moja hivi ya floraidi. Ndoo yenye kilo 10 za mkaa itabeba miligramu 10,000. Kama kisima kina miligramu 6 kwa lita nasi tunataka kuondoa 5, mkaa ule utasafisha lita 2,000. Kaya ikitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia (na kupikia ni lazima kuhesabiwe, maana michembe hunywa maji kama mtu, na magadi tunayolainishia mboga huweza kuja na floraidi yake yenyewe), basi ndoo ina siku mia moja za uhai.

Mradi ulikaa miezi sita.

Siku ya mia moja na moja hakuna kilichoonekana. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kilichomo visimani mwetu haina ladha. Chujio lililochoka hutoa maji meupe, ya baridi, mazuri, sawasawa na chujio lililo hai. Mama aliendelea kumimina. Nilipokwenda likizo nikachukua maji ya bombani mwake kwenye chupa mbili, nikayapeleka kupimwa mjini. Yalikuwa karibu sawa na ya kisima.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza habari za tanuri. Nawaomba radhi wale waliozoea kusoma hapa mambo ya katiba na uchaguzi. Lakini nimeishia kuamini kwamba tanuri hili ni jambo la siasa kuliko mikutano mingi ya hadhara niliyohudhuria.

Mkaa wa mifupa si uvumbuzi wa wafadhili wa juzi. Katika karne ya 19 viwanda vya kusafisha sukari vya Ulaya na Marekani viliutumia kuiondolea shira rangi yake ya kahawia. Mwenye kiwanda asingeweza kununua mkaa mpya kila uliposhiba; angefilisika. Kwa hiyo kando ya jengo la sukari palikuwa na jengo la matanuri. Mkaa uliochoka ulioshwa kwa maji moto, ukakaushwa, ukashushwa polepole ndani ya mabomba ya chuma yaliyosimama wima katikati ya moto, kisha ukapozwa katika sehemu ya chini ya bomba, humo humo gizani, kabla ya kuguswa na hewa. Hewa ikiingia mkaa ungali wa moto, huungua ukawa jivu jeupe lisilofaa kazi hiyo. Ukishapoa ulipandishwa tena juu kwenye sukari. Mkaa ule ule ulizunguka hivyo mara nyingi sana. Kwa maneno mengine, yule bepari alijua kwamba kununua chujio bila kununua tanuri ni kununua ugonjwa kwa bei ya dawa.

Na kwetu maarifa hayo yapo. Ngurdoto, mkoani Arusha, serikali ilianzisha kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi tangu miaka ya 1980, na ndoo za mkaa wa mifupa zilifanyiwa kazi pale. Ng'ambo ya mpaka, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilijenga matanuri na kuchoma mifupa kwa ajili ya mashule na vijiji. Mwaka 2006 mtafiti wa Kitanzania, M. E. Kaseva, alichapisha kazi juu ya kuuhuisha mkaa uliochoka kwa joto, akaonyesha kwamba nyuzijoto 500 ndizo zilizotoa matokeo bora. Iko njia nyingine pia, ya kuuosha mkaa kwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Lakini maji yanayobaki huwa yamejaa floraidi, na mto Simiyu unaishia Ziwa Victoria, kwa hiyo atakayeichagua njia hiyo atuambie kwanza maji hayo atayamwaga wapi. Joto nalo halifanyi miujiza. Kila mzunguko hupunguza uwezo wa mkaa, na ipo siku ya kuustaafisha.

Sasa turudi kwenye hesabu. Kijiji chenye kaya 400 kina tani 4 za mkaa katika ndoo zake, na tani hizo huchoka kila siku mia moja. Ni kilo 40 kila siku ya Mungu. Vijiji hamsini ni tani 2 kwa siku. Hilo si jambo la sufuria na kuni tatu. Ni kiwanda: pipa refu la chuma linalozungushwa taratibu na mota huku likipashwa moto kwa nje, kipimajoto kinachoaminika, sehemu ya kupozea iliyofungwa, chekeche la kuondoa vumbi, mizani, daftari, na kijana aliyesoma anayepima sampuli na kuandika namba ya kweli hata kama ni mbaya. Moto wake hauna haja ya kumaliza miti michache iliyobaki Simiyu. Kila baada ya mavuno wakulima huagizwa kung'oa na kuchoma mabua ya pamba ili kuzuia wadudu. Joto hilo lote huishia hewani.

Usafiri? Nionyesheni kijiji cha Simiyu kisichofikiwa na kreti ya soda. Kreti hufika imejaa na hurudi na chupa tupu, wala hakuna semina iliyofanyika kuwafundisha wauza duka. Mtungi wa gesi ni hivyo hivyo. Tunajua kabisa kubadilishana kilichoisha kwa kilichojaa, ila tumewaachia wafanyabiashara ujuzi huo.

Kinachotushinda ni mahali pa kuiandika gharama. Bajeti zetu zina mifuko miwili, maendeleo na matumizi ya kawaida. Ndoo ni maendeleo; ina picha, ina utepe, ina mgeni rasmi. Mkaa kurudi tanurini ni matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo hukatwa kwanza. Sijawahi kusikia kiongozi akialikwa kushuhudia mkaa ukihuishwa kwa mara ya nne. Sheria ya mwaka 2019 ilitupa RUWASA na vyombo vya jamii vya kusimamia maji vijijini, navyo hukusanya fedha ya ndoo kwa ndoo kwa ajili ya pampu na mlinzi. Pampu ikifa kijiji hupiga kelele siku hiyo hiyo. Mkaa ukifa hakuna anayepiga kelele, na afisa asiyesumbuliwa huamini kwamba mambo ni mazuri.

Liko jambo jingine, nalo si la fedha. Niliwahi kukaa katika mkutano wa kijiji ambapo fundi kijana, mgeni wa huko, alieleza vizuri sana habari za mkaa, kisha akamalizia kwa furaha: "Na mifupa tutainunua kwenu." Pakawa kimya. Mzee mmoja akasimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Kijana, mifupa ya nini?"

"Ya ng'ombe, mzee wangu."

"Nani atajua?"

Yule kijana hakuelewa. Sisi tulielewa. Katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya biashara ya waganga, na makaburi yalifukuliwa. Hukumu za kwanza za mauaji hayo zilitolewa mwaka 2009, na hofu haikuisha kwa hukumu. Kwenda kwa watu hao na kutangaza bei ya mifupa, hata kwa nia njema kabisa, ni kutia kidole kwenye kidonda. Mkutano ule ulitoa jibu zuri kuliko andiko la mradi. Walisema mifupa itoke machinjioni peke yake, ipokewe ikiwa mizima ili kila mtu aone ni fupa la ng'ombe, stakabadhi igongwe mhuri na mtendaji, na tanuri liwe mahali pa wazi, si nyuma ya ukuta. Mama mmoja mwenye mtoto mwenye ualbino aliomba awe mmoja wa wanaokagua. Akakubaliwa kwa makofi. Ngazi za juu ndiko ambako halikusikika tena.

Najua mtaniambia juu ya bomba. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa Simiyu, pamoja na Ujerumani, wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi wilaya zetu. Nalitaka bomba hilo kuliko tanuri, na siku litakapofika kwa mama nitapiga vigelegele hadharani, mdomo wazi. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kuidhinishwa amekwisha kuota meno yake ya mbele ya kudumu. Yeye hakuweza kuyachelewesha hadi bomba lifike.

Mwezi uliopita nilitoka Arusha na kiroba cha mkaa mpya, kilo 10, nilichokinunua kwenye karakana moja. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo, na jirani yangu wa kiti alisogeza miguu yake mbali aliposikia ni mkaa wa nini. Nilifika kijijini asubuhi.

"Mwangaluka, mayu."

Tukamwaga mkaa wa zamani shimoni, tukaosha ndoo, tukajaza. Mama aliangalia kila hatua kama anayenipima. Mke wa jirani, ambaye ana wajukuu wawili wadogo, alikuja na ndoo yake mkononi, akasimama mlangoni bila kuomba chochote.

Mama alichukua bakuli, akachota mkaa kutoka kwenye ndoo yetu, akaendelea kuchota hadi ndoo mbili zikalingana. Nilipanda pikipiki kurudi Bariadi nikiwa nahesabu: siku hamsini.