Klachi mpya, shida mpya

Leo hakuna Java wala hifadhidata. Leo ni gari, ingawa wale mnaoandika programu mtaona ni mambo yale yale.

Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile AE110 ya injini ya 1500cc, gia za mkono. Mwezi uliopita klachi ilikwisha. Ukipanda mlima na kukanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo. Nikalipeleka gereji moja hapa Nairobi. Wakaweka klachi pleti mpya, presha pleti mpya na beringi yake mpya. Siku mbili, shilingi elfu kumi na nane pamoja na spea. Klachi yenyewe hata leo siilaumu. Ni laini, inashika mahali pake, na gari linaondoka bila kutetemeka.

Shida ni mengine yote.

Siku ya kwanza, kabla sijafika nyumbani, niliona mshale wa spidomita umelala kwenye sifuri. Siku ya pili jirani akaniambia taa nyeupe za nyuma haziwaki nikirudi nyuma. Siku ya nne asubuhi stata ilizunguka kwa uchovu kama betri imezeeka, na betri hiyo niliinunua miezi mitano tu iliyopita. Siku ya sita nikakuta doa la oili sakafuni, upande wa abiria. Gari lililoingia gereji na ugonjwa mmoja likatoka na mingine minne.

Nikampigia fundi simu.

"Bosi, hiyo gari ni nzee," akasema. "Ukigusa hapa inaharibikia pale. Hiyo si mambo ya klachi."

Hapo ndipo penye ugomvi wa wenye magari na mafundi nchini mwetu, na sidhani fundi alikuwa anadanganya. Aliamini anachosema. Spidomita ina uhusiano gani na klachi? Taa ya nyuma je? Ukitazama kifaa kwa kifaa, hakuna uhusiano wowote. Lakini sisi wa tarakilishi tunajua swali hilo si sahihi. Mteja akilalamika kwamba ripoti haichapishwi tangu jana, hatuulizi ripoti inahusiana vipi na sehemu tuliyoirekebisha. Tunauliza: jana tuligusa faili gani?

Basi nikakaa chini na karatasi nikajiuliza, ili mtu aifikie klachi ya Corolla, ni lazima aguse nini?

Klachi imebanwa katikati ya injini na giaboksi. Huwezi kuifikia bila kushusha giaboksi nzima. Kwa hivyo fundi hufungua betri na boksi la kichujio cha hewa ili apate nafasi. Huchomoa plagi mbili za umeme zilizo juu ya giaboksi. Hufungua waya mnene wa athi uliofungwa kwenye bodi ya giaboksi. Hufungua stata, nyaya za kubadilishia gia, na ile silinda ndogo inayosukuma klachi. Humwaga oili ya giaboksi. Hutoa magurudumu ya mbele, hulegeza mikono ya chini, kisha huchomoa shafti mbili zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Huweka jeki chini ya injini, hufungua maunti, na mwishowe giaboksi hushuka. Klachi yenyewe ni bolti sita tu. Kazi yote iliyobaki ni njia ya kwenda na kurudi.

Sasa linganisha orodha hiyo na shida zangu. Plagi mbili za juu ya giaboksi: moja ni ya sensa ya mwendo, nyingine ni ya swichi ya taa za kurudi nyuma. Waya wa athi: ndio njia ambayo umeme wa stata hurudia kwenye betri. Shafti: kila moja hupita ndani ya sili ya mpira inayozuia oili isimwagike. Shida nne, zote ziko njiani, na hakuna hata moja iliyo nje ya njia. Uzee wa gari haungechagua kwa ustadi namna hiyo.

Lakini karatasi haimshawishi fundi, kwa hivyo nilitafuta ushahidi. Magari haya ya Toyota yana kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Washa swichi bila kuwasha injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya (mimi nilitumia kibanio cha karatasi), na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Unahesabu tu. Yangu ilipepesa mara nne, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. 42: hakuna habari kutoka kwa sensa ya mwendo. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu kumbukumbu hiyo hufutika betri ikifunguliwa, na fundi alikuwa amefungua betri ili afanye kazi. Kwa hivyo 42 iliandikwa baada ya gari kutoka kwake. Haikuwako kabla.

Athi niliipima kwa mita ya umeme ya kawaida, zile za bei nafuu. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya injini, halafu mke wangu akapiga stata. Njia ikiwa nzima mita isipite nusu volti. Yangu ilionyesha zaidi ya 2. Volti hizo zinapotelea mahali fulani kati ya injini na betri, na stata inanyimwa.

Kilichonitia hofu kweli ni lile doa. Nililigusa na kunusa. Oili ya giaboksi ina harufu ya kiberiti, karibu na yai viza, huwezi kuichanganya na ya injini. Injini ina taa nyekundu ya kukuonya oili ikiisha, lakini giaboksi kama hii haina. Inashika karibu lita mbili tu. Ikivuja polepole utaendelea kuendesha ukidhani mambo ni sawa, hadi siku itakapolia, na ikishalia umechelewa. Nami kila baada ya wiki mbili humchukua mama kutoka Machakos nimlete Nairobi kliniki ya macho, kama kilomita sitini kila upande, kwenye barabara kuu ya Mombasa iliyojaa malori. Giaboksi ikikwama hapo mama akiwa kiti cha mbele, sitaki hata kufikiria. Wiki hiyo tulipanda matatu. Mama alinung'unika, lakini tulifika.

Jumamosi nikarudi gereji asubuhi na mapema, kabla hawajawa na kazi nyingi. Ushauri wangu hapa: nenda mwenyewe, usigombane kwenye simu. Sikumwambia "umeniharibia gari." Nilimwambia, "Fundi, klachi yako ni safi kabisa, asante. Nataka tupitie pamoja vitu ulivyofungua, kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule." Nikamwonyesha ile 42 ikipepesa. Akahesabu mwenyewe mara mbili, kisha akamwita kijana wake.

Plagi ya sensa ilikuwa imechomekwa nusu, haijatoa ule mlio wa "tik". Ya taa za nyuma ilikuwa inaning'inia chini ya mipira ya maji, imejificha. Bolti ya athi ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, ikasubiri spana ambayo haikuja. Vitu vitatu hivyo vilichukua chini ya dakika ishirini, na fundi alicheka kwa aibu, akamtazama yule kijana, kijana akatazama chini. Simlaumu sana kijana. Alikuwa anarudisha vitu zaidi ya ishirini bila orodha yoyote mkononi, jioni, mwenye gari mwingine akipiga honi mlangoni.

Sili ndiyo iliyoleta mazungumzo. Shafti ina meno ya chuma, na ukiirudisha kwa kuisukuma ikiwa imeinama, meno hukata mdomo wa sili. Fundi akasema sili ilikuwa nzee. Nikamwambia huenda, lakini sakafu yangu ilikuwa kavu kwa miaka mitatu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na nilikuwa tayari kuitaja, lakini haikufika huko. Tukagawana: mimi ninunue sili na oili, yeye afanye kazi bure. Nilikwenda Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, nikapata sili ya kampuni yenyewe. Zilikuwako za bei ya chini pia, lakini kushusha shafti mara ya tatu ni ghali kuliko tofauti hiyo.

Oili ilipotolewa ili ipimwe ilikuwa imepungua kama robo. Wakati wa kujaza nilisimama pale pale. Gari liwe mahali tambarare, ufungue bolti ya ubavuni, ujaze mpaka oili ifike ukingo wa tundu. Ukiingiza kidole bila kuigusa, haijatosha.

Spidomita inafanya kazi, taa zinawaka, stata inaruka asubuhi kama zamani, na karatasi niliyotandaza sakafuni usiku tatu mfululizo imebaki kavu. Jumatano mama alipanda gari lake (analiita lake).

Limebaki jambo moja ambalo mimi na fundi hatujakubaliana. Gari likisimama, gia ikiwa nyutro, kuna mlio mwembamba ambao unapotea nikikanyaga klachi. Ingekuwa beringi mpya ya klachi, mlio ungetokea nikikanyaga, si kupotea. Kwa hivyo ni beringi ya shafti ya giaboksi, ile inayopokea nguvu kutoka kwa injini. Yeye anasema ulikuwako kabla, umefunikwa na kelele za klachi ya zamani. Mimi nasema ni ile wiki ya oili pungufu. Niliurekodi kwa simu kabla ya kujaza oili na baada ya kujaza, na masikio yangu hayaoni tofauti. Mwezi ujao nitaurekodi tena, mahali palepale, injini ikiwa na joto lilelile, tusikilize sote wawili.