Mizani ya Jirani

Katika nyumba yangu hapa Ohio, juu ya rafu ya vitabu, baina ya msahafu wa marehemu mama na diwani mbili tatu zilizosalimika katika kuhamahama kwangu, pana mizani ndogo ya chuma yenye mkono mmoja mrefu na kisahani cha shaba kisichozidi upana wa kikombe cha kahawa. Kila mgeni atokaye nyumbani huniuliza kama ni ya dhahabu. Si ya dhahabu. Ni mizani ya kupimia baruti, na namna ilivyonifikia mimi, mtu ambaye hajapata kufyatua bunduki na wala hana nia ya kuifyatua, ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia wasomaji wa jarida hili.

Nianze na sababu ya kutoifyatua. Mwezi wa Januari 1964 nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimeletwa Unguja kutoka Wete ili nisome, nakaa kwa ami yangu mtaa wa Malindi. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 12, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya Ramadhani, tuliamshwa na milio. Kulipopambazuka ikasogea, maana kituo cha polisi cha mtaani kwetu hakikuanguka upesi. Mke wa ami alitulaza sakafuni watoto wote, akatufunika kwa magodoro, naye akakaa nyuma ya mlango na tasbihi yake. Siku ya pili ami alitoka kwenda kulitazama duka. Hakurudi, na mpaka leo hatujaonyeshwa kaburi. Sitasema zaidi ya hapo. Wengi wa waliohusika wamekwisha kwenda mbele ya haki, na makala haya siyaandiki kwa ajili ya kesi hiyo. Nimeitaja ili ijulikane kwamba kwangu mimi mlio wa bunduki haujawahi kuwa mlio wa mchezo.

Jirani yangu wa Ohio alikuwa fundi wa mashine aliyestaafu, mjane, mwenye umri uliopita miaka themanini. Jioni moja ya baridi alinibishia hodi. Alijua kwamba nimefanya kazi ya kupima dawa hospitalini kwa miaka 31. "Jirani," akaniambia, "mizani ninayo, lakini macho yangu hayauoni tena mstari. Nataka unikopeshe yako saa moja kwa wiki." Nilimuuliza anachotaka kupima. Aliponijibu, nilimwambia hapana, nikaurudisha mlango taratibu.

Siku tatu sikulala vizuri. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akitufagilia theluji mlangoni mwaka alipougua mke wangu, bila ya kuombwa na bila ya kugonga apate shukurani. Kwetu jirani ana haki, hata awe wa dini nyengine. Siku ya nne nilikwenda bandani kwake, nikamwekea sharti: nitapima tu, bunduki sitaigusa. Akasema hilo ndilo alilokuja kuomba.

Bunduki yenyewe ilikuwa Winchester ya mfano wa 1885, ile iliyotokana na ubunifu wa John Browning, inayopokea risasi moja tu kwa wakati. Haina ghala la akiba tumboni mwake. Mpigaji huifungua kwa wenzo, hutia risasi kwa mkono, hufunga, hulenga, hupiga, kisha huanza upya. Risasi zake ni za aina iitwayo .45-70, iliyoingizwa katika jeshi la Marekani mwaka 1873. Hiyo 45 ni upana wa risasi kwa sehemu za mia za inchi, na 70 ni uzito wa baruti kwa punje. Ratili moja ina punje 7000. Asili ya kipimo hicho ni punje ya shayiri, na nilipomweleza mzee kwamba kwetu ni herufi moja tu inayoitenga shayiri na shairi, alicheka mpaka akakohoa. Nadhani alikuwa hajacheka tangu msiba.

Msomaji atauliza: kwa nini mtu ajitengenezee risasi ilhali madukani zimejaa? Nami niliuliza. Jawabu lake ni kwamba kiwanda hutengeneza kwa ajili ya bunduki zote, na kwa hiyo hakuna hata moja inayoridhika. Ganda la shaba likishapigwa mara moja hutanuka, likachukua umbo la shimo la bunduki ile ile. Ukilijaza tena bila ya kulibana sana, hukaa humo kama kidole katika pete yake. Na kwa kuwa risasi haina haja ya kupita ndani ya ghala, yaweza kuachwa ichomoze nje ya ganda mpaka iguse mwanzo wa mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, ili isafiri tangu hatua ya kwanza ikiwa imenyooka.

Basi nilijifunza kazi. Maganda yaliyotumika huoshwa, masizi yakakwanguliwa pale inapokaa fataki. Risasi huyeyushwa katika sufuria ya chuma pamoja na bati kidogo, ikamiminwa kalibuni. Ikipoa hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu. Baruti nyeusi humiminwa kupitia mrija mrefu ili ishuke taratibu na kujipanga, ikafunikwa kwa kigae cha karatasi ngumu, ikashindiliwa, ndipo kichwa kikaketishwa. Baruti nyeusi ina mambo yake: haitaki cheche, haitaki haraka, na ole wake atakayeichanganya na baruti ya kisasa isiyo moshi, ambayo kiasi kile kile kwa ujazo chaweza kuupasua mtutu usoni mwa mtu. Kwa hiyo mezani hakikuruhusiwa kuwapo vikopo viwili kwa pamoja.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa mizani, na hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Yeye alikuwa karani wa mnunuzi wa karafuu huko Pemba. Wachumaji walilipwa kwa pishi, na pishi ni kipimo cha ujazo: vibaba vinne, au visaga viwili. Nani asiyejua ugomvi wa pishi? Kuna iliyofutwa juu kwa kijiti, na kuna iliyoachwa na kichuguu; kuna iliyotikiswa ikashuka, na kuna iliyomiminwa kwa wepesi ikasimama. Mtu mmoja, karafuu zile zile, na bado pishi mbili zisilingane. Baba alikuwa akisema kwamba ujazo humwamini mpimaji, na uzito haumwamini mtu yeyote. Mzee wangu naye alikuwa na kikombe cha kupimia baruti kwa ujazo, na alikitumia kwa kukaribia tu. Punje za mwisho zilidondoshwa kwenye kisahani moja moja, hadi mkono wa mizani utulie sawa na alama. Tulikuwa tukizima feni na kubana pumzi. Mizani ya umeme alikuwa nayo, zawadi ya mwanawe, lakini ilibaki sandukuni mwake.

Baba huyo huyo, akirudi nyumbani, alikuwa mtunzi. Hakuwa malenga wa kutajwa, bali alitunga, na aliihesabu mishororo yake kwa kugonga vidole mezani, nane za ukwapi na nane za utao. Mshororo uliomtokea na mizani 17 aliukataa hata uwe mtamu vipi. Sikusudii kuufukua ule ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Nimesoma mashairi huru yaliyonitoa machozi. Ila nikiwa bandani, nikiona jinsi mzee anavyozirudisha sufuriani risasi ambazo mimi nisingeziona kasoro, nilikuwa nikivisikia vidole vya baba. Kila risasi ilipaswa kuwa na uzito uliopita punje 500, na ile iliyopungua punje moja tu kuliko wenzake ilikataliwa. Kupungua kwake maana yake ni kwamba ndani mna kipovu cha hewa, na kwa kuwa risasi huenda ikizunguka, kipovu kilichokaa upande mmoja huiyumbisha njiani. Kwa macho huioni. Mizani huiona.

Tulizipa risasi nambari, tukaziandika kwenye maganda kwa kalamu na katika daftari. Mwandishi nilikuwa mimi, na mkono wangu, kwa mazoea, uliandika maelezo kwa Kiswahili: "sawa", "nyepesi", "irudiwe". Mzee hakujali. Alisema hata angeandikiwa kwa Kiingereza asingeyaona.

Huku tukifanya kazi alinipa visa. Kimoja nimekipenda sana. Mwezi wa Septemba 1874, huko Creedmoor katika Long Island, Waamerika walishindana na Waayalandi kwa shabaha za yadi 800, 900 na 1000. Waayalandi walitumia bunduki za kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, jamii ya magobori yetu ingawa ni bora mno kwa ufundi. Waamerika wakatumia Remington na Sharps za kujazwa kwa nyuma, risasi moja moja. Waamerika walishinda kwa 934 dhidi ya 931. Lakini katika mashindano hayo Mwayalandi mmoja alikuwa ameipiga shabaha katikati kabisa, mahali pa alama nne, ila shabaha ilikuwa si yake, ya jirani. Akapewa sifuri. Hebu ihesabu hiyo tofauti mwenyewe.

Mwaka wa tatu aliniomba niende naye uwanjani, nimtazamie shabaha kwa darubini. Sijui kwa nini nilikubali. Labda kwa sababu nilikwisha kuzipenda zile risasi. Umbali ulikuwa yadi 200. Baada ya kila pigo alipuliza pumzi ndani ya mtutu kupitia kijirija, ili unyevu ulainishe masizi ya baruti, na moshi mweupe ukatoka upande wa pili polepole. Alipiga kumi. Tisa zilikaa mahali ambapo kiganja changu kingezifunika. Ya kumi ilikwenda kando kabisa. Nami mara kumi niliruka kwenye kiti, ya mwisho kama ya kwanza.

Hakusema neno mpaka tulipokuwa garini. Ndipo akaniuliza, "Hii imeanza lini?" Nikamweleza: Malindi, magodoro, ami. Aliliegesha gari pembeni ya njia. Akakaa muda mrefu, kisha akaniuliza jina la ami yangu. Miaka yote niliyoishi nchi hii, hakuna aliyewahi kuniuliza jina lake. Nilimtajia, akajaribu kulitamka, akakosea, nikamsahihisha, akalitamka tena. "Basi usije tena uwanjani," akasema. "Njoo bandani tu."

Usiku ule nililifungua daftari. Nambari ya lile ganda la kumi ilikuwa na maneno mawili mbele yake, kwa mwandiko wangu: "nyepesi, irudiwe". Haikurudiwa. Niliiona kasoro, nikaiandika, kisha nikaipitisha pamoja na nzima. Nilipomwambia, alishikilia kwamba ni upepo. Huenda kweli, kwani upepo uligeuka asubuhi ile. Lakini alikuwa mtu wa kusema hivyo hata kama usingegeuka.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa Machi. Mizani alikwisha kunikabidhi mwenyewe kabla ya kulazwa. Bunduki ilikwenda kwa mjukuu wake, kijana wa miaka 22, mpole, aliyekuja mlangoni kwangu kiangazi akiwa na daftari mkononi. Ameweza kuzisoma tarakimu, akaniambia, lakini maneno hayaelewi, na babu yake alimwambia kwamba mwenye maneno ni mimi.

Nilimwomba anipe wiki moja. Nchi hii si nchi ya kumfundisha kijana mambo ya baruti bila ya kufikiri, na milio ninayoisikia katika habari zake za kila mwezi haitofautiani na ile niliyoisikia chini ya godoro. Nilimpigia simu dada yangu Wete; akaniambia yeye asingefungua hata mlango. Dada yangu si mtu wa kupuuzwa.

Kijana aliporudi nilimfungulia. Nilimwambia kwamba baruti haitaingia nyumbani mwangu, na kwamba kabla ya jambo lolote nitamsimulia habari ya mtu mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaishusha mizani rafuni, nikaweka kipande cha karatasi chini ya mguu wake mmoja ili isimame sawa, na kwa kuwa hatukuwa na baruti, nilileta chupa ya karafuu kutoka jikoni. Karafuu moja kavu huja punje moja na ushei. Alizipanga kwenye kisahani kwa ncha ya kisu, akibana pumzi bila ya kuambiwa. Nikalifungua daftari, akaweka kidole juu ya neno la kwanza aliloshindwa, nikamwambia linasomwa "irudiwe".