Kwa Mabwana Shamba wa Ukiriguru

Sikuwa nimewahi kufika Ukiriguru, mkoani Mwanza, ingawa pamba iliyosomesha ukoo wetu ilitokana na mbegu za huko. Nilipanda hiace stendi ya Nyegezi, tukapita Mkolani na Buhongwa, nikashuka Usagara na kumalizia kwa bodaboda.

Nilikwenda na swali: kwa nini mabwana shamba wetu huguna wakisikia kilimo ikolojia, yaani kilimo kinachorutubisha ardhi kwa njia za asili? Mahali pa kuuliza ni hapa, penye kituo cha utafiti cha tangu miaka ya 1930 na chuo cha maafisa ugani.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu afisa ugani mmoja mkongwe. Aliitikia, akanivutia kiti chini ya mwembe. Hakukipinga kilimo hicho.

"Mwanangu, ardhi yetu hii ni luseni, mchanga. Nikimwambia mkulima aache mbolea ya dukani, kisha akakosa mahindi, watoto wake watakula nini? Asiye na ng'ombe samadi ataipata wapi?"

Hofu hiyo ni ya haki, na watetezi wengi wa kilimo ikolojia huiruka. Lakini kuna jingine. Mfuko wa mbolea ya ruzuku unahesabika, unaandikwa kwenye taarifa. Shimo la mboji, alisema, hakuna anayemuuliza bwana shamba habari zake.

Nilichosikitikia ni kwamba ujuzi umelala hapo hapo. Mwaka 1962 watafiti Peat na Brown walichapisha matokeo ya majaribio ya Ukiriguru juu ya pamba iliyotiwa samadi, mbolea za viwandani, hata majivu ya mbegu za pamba. Ng'ambo ya ziwa, huko Mbita nchini Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimewaonyesha wakulima namna mmea wa desmodiamu uliopandwa kati ya mistari ya mahindi unavyodhibiti gugu la kiduha na kuongeza naitrojeni ardhini.

Kabla sijaondoka, mzee alinionyesha bustani yake ya mchicha, iliyostawi kwa samadi ya mbuzi. "Hii nimeiona kwa macho yangu," alisema.

Novemba 2023 nchi yetu ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, utakaofika 2030. Naziomba halmashauri za Kanda ya Ziwa: mpeni kila bwana shamba shamba darasa kwenye luseni yenyewe, apime samadi na mavuno kwa mkono wake, na taarifa yake iwe na nafasi ya kuyaandika.